Maji bado yanatoka: tuliyojifunza kwa mji wa chemchemi

Ukifuata barabara kuu ya 20 katika jimbo la New York, kiasi cha kilomita 80 magharibi ya Albany, unafika Sharon Springs, kijiji cha kaunti ya Schoharie ambacho sensa ya 2010 ilikikuta na watu 558. Teremka bondeni na pua itakijua kabla ya macho: harufu ya yai viza. Mgeni hudhani bomba la maji taka limepasuka. Kumbe hiyo ndiyo bidhaa yenyewe. Kwa harufu hiyo, katika karne ya 19, kijiji kilikuwa kikipokea, kama inavyosimuliwa, hadi wageni 10,000 kwa msimu mmoja wa kiangazi. Hoteli ya Pavilion ilijengwa mwaka 1836, na Oscar Wilde alitoa mhadhara humo mwaka 1882. Leo mahoteli mengi hayapo au yamebaki maganda, lakini maji hayajaacha kutoka hata siku moja.

Kila anayekuja na ndoto ya kufufua mji wa namna hii huanza na maswali ya wateja, samani na rangi za kuta. Ningemgeuza aanze na maji. Maji yaliyoujenga mji ndiyo yanayoubomoa, na asiyejua tabia yake atalipia kazi moja mara mbili.

Bonde moja, maji ya aina nne

Sharon Springs ilisifika kwa sababu mgeni angeweza kutembea hatua chache tu na kukuta maji tofauti: ya salfa, ya magnesia, ya chuma, na yale waliyoyaita ya jiwe la bluu, yaliyotumika kuoshea macho. Yote hutoka baridi. Wengi hukosea hapo wakidhani kila chemchemi ya tiba ni maji moto.

Salfa huja hivi. Mvua inapenya kwenye miamba na kuyeyusha jasi na madini mengine yenye salfeti. Chini kabisa, pasipo na oksijeni, kuna bakteria wanaoitumia salfeti hiyo kama sisi tunavyotumia hewa, na wanachokitoa ni gesi ya hidrojeni salfaidi. Maji yakitoka ardhini huwa maangavu kama maji mengine yoyote. Yakikaa kwenye hewa kwa muda, yanaanza kuwa na ukungu wa buluu, kisha weupe wa maziwa: gesi imekutana na oksijeni na kugeuka chembe ndogo sana za salfa. Ndani ya mfereji utaona pia nyuzi nyeupe zinazochezacheza kama pamba iliyolowa. Hizo ni bakteria wanaoishi kwa kuila gesi hiyo. Si uchafu wa choo, wala hazina maana kwamba maji yameharibika, ila zinaziba mabomba. Mtunza chemchemi asiyezijua humwaga dawa ya klorini akidhani anasafisha. Matokeo yake nitayaeleza mbele.

Maji ya chuma hudanganya kwa namna yake. Yanatoka safi, na baada ya kupata hewa chuma kilichoyeyuka kinageuka kutu ya rangi ya chungwa na kutua chini. Kiasi cha miligramu 0.3 tu kwa lita kinatosha kutia madoa kwenye nguo na masinki. Kwa hiyo maji haya hayasafirishwi mbali. Bomba liwe fupi, liwe pana kuliko hesabu inavyodai, na kila baada ya mita chache liwe na mahali pa kufungulia na kuzibua, kwani mbali ya kutu kuna bakteria wa chuma wanaotengeneza utelezi mzito ndani yake. Ndiyo maana kwenye miji mingi ya aina hii banda la maji ya chuma limejengwa juu ya chemchemi yenyewe: mgeni aliyafuata maji, hayakupelekwa kwake.

Maji ya magnesia ni machungu kidogo na hulainisha tumbo. Hayo ya macho tuyaache yalivyo. Maji ambayo hayakusafishwa yanaweza kuwa na amiba wanaoshambulia kioo cha jicho, na anayevaa lenzi yuko hatarini zaidi. Kuyatazama hakumdhuru mtu.

Namna ya haraka ya kutambua salfa ni sarafu ya fedha halisi: itumbukize, na baada ya dakika chache inakuwa ya manjano, kisha kahawia, kisha nyeusi. Hicho ni kionjo tu. Ukitaka kujua kiasi, usijaze chupa ya soda ukaipeleka maabara kesho yake, kwa sababu gesi itakuwa imeondoka na utaambiwa maji hayana kitu. Omba maabara wakupe chupa iliyokwisha kuwekwa zinki asetati na sodiamu haidroksaidi, ambazo huikamata gesi isitoroke. Jaza polepole hadi ukingoni, pasibaki kiputo, ufunge pale pale. Joto na pH, yaani kipimo cha uasidi, vipimwe kwenye chemchemi yenyewe. Dakika kumi baadaye, gesi zikishapungua, pH itakuwa imepanda na utakuwa unapima maji mengine.

Kunywa

Utaratibu wa zamani ulikuwa kunywa asubuhi kabla ya kula, bilauri moja ndogo, kisha matembezi ya robo saa au nusu saa, kisha nyingine. Matembezi yale hayakuwa mapambo. Mabaraza marefu, vijia vyenye miti na bendi za muziki vilijengwa kwa sababu mtu aliyekunywa maji ya salfeti alihitaji kutembea, na pia alihitaji kuwa karibu na choo. Salfeti ikizidi takriban miligramu 1,000 kwa lita, tumbo la mgeni huanza kulegea, hasa akiwa hajayazoea. Wenyeji hawasikii kitu. Maji ya chuma yalinyweka kwa mrija au kwa kikombe chenye mdomo mrefu ili yasiguse meno na kuyatia weusi.

Leo mtu asinywe mpaka aone matokeo ya upimaji wa karibuni: bakteria wa kinyesi, aseniki, na, kwa baadhi ya chemchemi, radiamu. Chemchemi za Saratoga, katika jimbo hilo hilo, zinajulikana kuwa nayo. Mwenye ugonjwa wa figo aachane kabisa na maji ya magnesia, kwa kuwa figo dhaifu hushindwa kuitoa magnesiamu na inajikusanya mwilini. Anayetumia dawa ya tezi ya shingo au antibiotiki za jamii ya tetrasaiklini asizimeze na maji haya. Chuma, kalisi na magnesiamu huzishika dawa hizo tumboni zisifyonzwe. Kwa dawa ya tezi, aache pengo la saa nne.

Kuoga, na gesi isiyosamehe

Kuoga ndiko kulikojaza vyumba. Nyumba ya bafu ya Imperial ilijengwa mwaka 1927, na Hoteli ya Adler ikafunguliwa mwaka 1929, zote zikitegemea hodhi za maji ya salfa. Kazi ngumu ya bafu kama hilo ni moja: maji yanatoka baridi, mgeni anayataka ya vuguvugu, na kila ukiyapasha moto gesi inatoroka. Ukiyachemsha kwenye tangi lililo wazi, utakachopeleka kwenye hodhi ni maji meupe yenye salfa iliyokwisha kuganda, na chumba cha boila kimejaa sumu.

Njia inayofanya kazi ni tangi lililofungwa, lenye koili, yaani bomba lililosokotwa, ya mvuke au ya maji moto inayopita ndani bila kuchanganyika. Usiunguze: ukihitaji joto la nyuzi 38 za Selsiasi kwenye hodhi, huna sababu ya kuyapeleka 70. Kisha hodhi ijazwe kutoka chini. Maji yanayodondoka kutoka kwenye koki ya juu hupigwa na hewa na kupoteza gesi kabla mgeni hajavua viatu. Wasio na koili hujaza nusu kwa maji baridi ya chemchemi na kuongeza maji ya kawaida ya moto sana. Inakubalika, ila mgeni aambiwe kwamba ni nusu.

Nyuzi 36 hadi 38, dakika 15, isizidi 20, kisha alale amefunikwa nusu saa. Kuinuka ghafla ndipo watu huangukia, kwa sababu joto limetanua mishipa na shinikizo la damu limeshuka. Mwenye matatizo ya moyo, mjamzito, na mwenye kidonda kibichi wapate kwanza ruhusa ya daktari. Pete na mikufu ya fedha ibaki chumbani; hata iliyowekwa juu ya meza ndani ya bafu itakuwa nyeusi.

Je, inatibu? Joto lenyewe na kuelea vinalegeza viungo na kupunguza maumivu kwa muda, na hilo si dogo kwa mwenye baridi yabisi. Lakini mabango ya zamani yaliyoahidi kuponya kila ugonjwa yalikuwa biashara. Asiyetaka matatizo na sheria aandike anachokiona: maji ya joto, harufu kali, mapumziko.

Sasa gesi. Pua ya binadamu huinusa hidrojeni salfaidi hata ikiwa chini ya sehemu 1 katika milioni ya hewa, na hapo ni kero tu. Ikifika 100 katika milioni, pua inakufa ganzi ndani ya dakika chache, na mtu anadhani harufu imekwisha kumbe ndiyo imezidi. Kati ya 500 na 700 anapepesuka na kuanguka ndani ya dakika tano, na anaweza kufa ndani ya saa moja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo inakaa chini: kwenye shimo la valvu, kwenye handaki la mabomba, kwenye kisima cha ukaguzi, kwenye ghala la chini ya nyumba. Feni ya darini haisaidii. Tundu la kutolea hewa liwe usawa wa sakafu, na la kuingizia liwe juu upande wa pili.

Kanuni ya mashimo haina mjadala. Kipima gesi kiteremshwe kwa kamba kwanza, na kilie kwenye sehemu 10 katika milioni. Fundi avae mkanda wenye kamba inayoshikwa na mtu aliye juu. Akianguka, avutwe kwa kamba. Anayeruka kumfuata mwenzake bila mtungi wa hewa anaongeza maiti ya pili, na ajali nyingi za gesi hii huwa na zaidi ya mtu mmoja kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna mtego mwingine ambao hata mafundi wazoefu hunaswa nao: dawa ya kuondolea magamba. Weusi unaoganda kwenye mabomba ya chuma ya maji ya salfa ni salfaidi ya chuma. Ukiumwagia asidi, hata ile ya kusafishia vyoo, unatoa hidrojeni salfaidi papo hapo, ndani ya chumba kidogo, usoni pako. Magamba hayo yasuguliwe kwa brashi yakiwa yamelowa maji. Yakikauka kwenye hewa yanaweza kujipasha na hata kuwaka, kwa hiyo taka zake zikae kwenye ndoo ya maji mpaka zitolewe nje.

Na klorini niliyoigusa. Kila miligramu 1 ya hidrojeni salfaidi hula takriban miligramu 2 za klorini ili tu iwe salfa ya unga, na kama 8 ili imalizike kabisa kuwa salfeti. Ukiweka kiasi cha bwawa la kawaida, klorini inaisha kabla haijaua mdudu yeyote, na maji yamegeuka maziwa. Bwawa la maji ya salfa linaloogewa na watu wengi ni shida isiyo na dawa rahisi. Hodhi la mtu mmoja, linalojazwa, kumwagwa na kusuguliwa baada ya kila mgeni, ndilo jibu la zamani, na bado ndilo bora.

Kinacholiwa

Tembea ndani ya jengo lolote la bafu la salfa lililoachwa na usome kuta. Nyaya za shaba zimekuwa nyeusi na kukatika kwenye viunganishi. Koki za shaba nyeupe zimekwama. Rangi ya zamani iliyotengenezwa kwa risasi imekuwa na mawingu meusi, kwa sababu risasi na salfaidi huzaa kitu cheusi. Ukiikwangua, vaa barakoa, maana risasi bado imo. Bodi ya umeme isikae kamwe upande mmoja na hodhi. Iwe jengo jingine au chumba chenye hewa inayoingizwa kutoka nje. Koili za shaba za viyoyozi hutoboka mapema mno, na muuzaji atakwambia ulinunua bidhaa mbovu.

Mabomba yawe ya plastiki: PVC kwa maji baridi, na polithilini inayovumilia joto kwa maji moto. Mabati yaliyopakwa zinki usiyaguse.

Zege linahitaji maelezo marefu kidogo, kwani linaliwa mahali pawili kwa sababu mbili. Chini ya maji, salfeti hupenya kwenye saruji na kuunda fuwele zinazovimba na kulipasua kutoka ndani. Hapo dawa ni saruji inayostahimili salfeti na mchanganyiko usio na maji mengi. Juu ya usawa wa maji ndiko kubaya zaidi. Gesi inapanda, inatua kwenye dari yenye unyevu, bakteria wengine wanaigeuza kuwa asidi ya salfa, na zege linageuka kitu kama chaki iliyolowa kinachochomoka kwa kidole. Hakuna saruji ya kawaida itakayovumilia asidi hiyo. Hapo unahitaji bitana ya plastiki, au hewa inayopita vizuri kiasi kwamba dari inabaki kavu. Kwa hiyo fundi akikagua tangi kuukuu asiishie kupiga nyundo kwenye kuta zilizo ndani ya maji. Agonge mfuniko kwa chini.

Lakini majengo mengi ya miji hii hayakuuawa na salfa. Yameuawa na maji ya mvua. Hoteli ya West Baden Springs kule Indiana, yenye kuba la mwaka 1902 lenye upana wa mita 61 hivi, ilianguka sehemu ya ukuta wake wa nje Januari 1991 kwa sababu barafu na maji vilijikusanya kwenye paa na ndani ya mabomba ya kuteremshia maji. Kuba lile, lililoonekana kuwa la hatari kuliko vyote, lilibaki limesimama, na hoteli ikakarabatiwa na kufunguliwa tena miaka ya 2000.

Ndiyo sababu fedha za kwanza ziende kwenye paa, kisha mifereji ya paa, kisha kuyapeleka maji mbali na msingi. Madirisha yazibwe kwa mbao zenye matundu ya hewa. Ukiziba kabisa unafuga ukungu. Mabaraza ya mbao yaangaliwe mguuni mwa nguzo. Chomeka bisibisi: ikizama bila kulazimishwa, nguzo imeoza hata kama rangi yake inang'aa.

Jengo litakalolala baridi nzima bila moto linatolewa maji kwa mpangilio. Funga valvu kuu ya nje. Zima boila na ukate umeme wake. Fungua koki zote ukianzia ghorofa ya juu kushuka chini, usisahau za bustani na za kuzimia moto ambazo hazitumiki. Vuta vyoo, kausha matangi yake kwa sponji. Puliza mabomba kwa kompresa, laini moja baada ya nyingine, hadi yasitoe hata mvuke wa maji. Mwisho mimina propilini glaikoli, isiyo sumu, kwenye kila mtego (kona ya bomba inayobakiza maji) wa sinki, wa choo na wa sakafu, kwa sababu usipoujaza mtego, ama utapasuka kwa barafu ama utakauka na kupitisha gesi ya maji taka. Mtego unaosahaulika siku zote ni ule wa sakafu ya chumba cha boila.

Kwa nini wageni waliondoka

Reli ilifika eneo la Sharon Springs mwaka 1870 na kuleta umati. Wakati huo huo Saratoga Springs, ambako mbio za farasi zilianza mwaka 1863, ilikuwa ikiwavuta matajiri. Sharon ikapata watu wengine. Mwaka 1877 mwenye benki Joseph Seligman alinyimwa chumba Saratoga kwa kuwa Myahudi. Familia za Kiyahudi zilizofungiwa milango sehemu nyingine zilikaribishwa Sharon, na polepole zikawa uti wa mgongo wa mji. Ed Koch, aliyekuja kuwa meya wa Jiji la New York kuanzia 1978 hadi 1989, aliwahi kufanya kazi ya kuondoa vyombo mezani Adler akiwa kijana. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Ujerumani Magharibi ililipia matibabu ya bafu kwa manusura wa mauaji ya halaiki ya Wayahudi, na fedha hizo zilizipa hoteli miongo kadhaa ya uhai ambayo miji mingine ya salfa haikuipata.

Hapo ndipo pana somo la biashara, na si la maji. Wageni wa aina moja, kwa miezi miwili ya mwaka, wakilipiwa na mfuko mmoja. Walipozeeka hapakuwa na wa kuwarithi. Barabara kuu ya kulipia ya jimbo, iliyofunguliwa miaka ya 1950, ilikuwa imekwisha kuwachukua wapita njia wa barabara ya 20, na dawa za kisasa zilikuwa zimekwisha kuwaondoa madaktari waliokuwa wakiandika bafu kama tiba. Adler ilifunga mwaka 2004.

Kilichouinua mji baadaye hakikuwa chemchemi. Hoteli ya American, jengo la 1847, ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2001 ikitegemea chakula kizuri na vyumba vichache. Kisha Josh Kilmer-Purcell na Brent Ridge, walionunua shamba la Beekman, wakaanza kuuza sabuni za maziwa ya mbuzi, na kipindi chao cha televisheni cha mwaka 2010 kikaleta watu wa kutembea. Mipango mikubwa ya kurudisha mabafu, iliyobuniwa na wawekezaji walionunua majengo mengi kwa mkupuo, ilikwama miaka mingi. Wala sishangai. Jengo moja linalopata mapato linaweza kukarabati jirani yake. Majengo kumi yaliyonunuliwa pamoja bila mapato yanaoza pamoja. Eneo hilo limeorodheshwa tangu 1994 katika rejista ya taifa ya sehemu za kihistoria. Mwekezaji ajue kwamba kuorodheshwa huko peke yake hakumkatazi mwenye mali kubomoa kwa fedha zake. Kunafungua mlango wa nafuu ya kodi kwa jengo linaloingiza mapato, na ni salama zaidi kuomba kibali kabla ya kuanza kugonga nyundo.

Kulinda chemchemi yenyewe

Chemchemi haina uzio chini ya ardhi. Saratoga ilijifunza kwa uchungu: kampuni zilichimba visima na kupiga pampu ili kuvuna gesi ya kaboni dayoksaidi ya kutengenezea vinywaji, na chemchemi za wengine zikaanza kupungua na kukauka. Jimbo lilipitisha sheria ya kuzuia pampu mwaka 1908, mwaka uliofuata likaanzisha hifadhi na kuanza kununua visima, na mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani ikaunga mkono sheria hiyo. Mji wowote wenye chemchemi unapaswa kujua nani anachimba kisima ndani ya bonde lake, kina chake, na anapiga pampu saa ngapi kwa siku.

Ushahidi wa kupungua hauji wenyewe. Chukua ndoo ya lita 20 na saa. Elekeza maji yote kwenye bomba moja, pima sekunde za kujaza ndoo mara tatu, uchukue wastani: ndoo ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa lita 30 kwa dakika. Rudia kila mwezi, tarehe ile ile, bomba lile lile, na pembeni uandike joto la maji na mvua ya mwezi. Vipimo vya mwaka mmoja havitoshi kumshtaki mtu, kwa sababu kiangazi hushusha na theluji inayoyeyuka hupandisha. Baada ya miaka mitatu mchoro unaanza kusema: mtiririko unaoshuka mwaka hadi mwaka huku mvua ikiwa ile ile una maana kwamba kuna pampu mahali, au bomba lako mwenyewe limeziba.

Anza na bomba lako. Fungua sanduku la chemchemi, yaani kasha linalokusanya maji yake, ukikumbuka kipima gesi, uondoe mizizi na zile nyuzi nyeupe, uoshe changarawe, ukague wavu wa bomba la ziada usiwe na matundu ya kupitisha panya na vyura. Mfereji wa kukinga maji ya mvua uwe upande wa juu wa mlima, mita kadhaa kutoka kwenye sanduku, na mifugo izuiwe kwa uzio. Maji ya salfa yakianza kunuka kidogo kuliko kawaida baada ya mvua kubwa, usifurahi: ni maji ya juu ya ardhi yameingia, na hayo ndiyo yenye kinyesi. Ziba mwanya huo kabla ya kupeleka sampuli nyingine maabara.